Hana Imani

Mtu wa Mwambao akimwona mwenzake anampiga punda aliyekwisha kuzidiwa na mzigo, hasemi kwamba mpigaji ana itikadi mbovu, wala kwamba hazijui nguzo za dini yake. Husema maneno mawili tu: hana imani. Na pengine mpiga punda huyo ametoka msikitini muda si mrefu, na aliyemsema anajua hivyo, kwa kuwa walisimama safu moja. Haoni mgongano wowote katika maneno yake. Wala wanaomsikia hawauoni.

Neno imani limekuja kwa Waswahili kutoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kusadiki: kuyakubali kwa moyo yale ambayo dini inayafundisha. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo, kisha kikalipa na maana ya pili ambayo kule lilikotoka ina maneno yake mengine, yaani huruma. Kamusi za Kiswahili huziweka maana hizi mbili chini ya neno moja, ya kwanza kisha ya pili, mfano wa ndugu wawili waliozoea kulala chumba kimoja. Mfasiri hukereka na jambo hilo. Anapofasiri kitabu cha Wakristo hutaka imani isimame kwa maana ya kwanza peke yake, ilhali sikio la msomaji wa Unguja au la Lamu linazisikia zote mbili. Lakini yamkini sikio hilo limetangulia mahali ambapo wanazuoni wengi hawajafika.

Suala la nani Mkristo wa kweli na nani Mkristo wa jina ni la zamani kama Ukristo wenyewe. Kila kizazi huchora mstari wake. Wako waliouchora kwenye maneno ya kanuni ya imani, wako waliouchora kwenye namna ya ubatizo, wengine kwenye kunena kwa lugha, wengine kwenye pombe. Si mistari ya kudharauliwa, maana nyuma ya kila mmoja kuna watu walioteswa kwa ajili yake. Ila ukitaka kujua mstari upi unashika, ni vyema uuchukue mahali ambapo imani imepimwa kwa mizani nzito zaidi ya mjadala. Nyanda za juu za Kigoma ni mahali pa namna hiyo.

Barabara itokayo ziwani hupanda mpaka Kasulu, kisha hushika njia ya Kibondo, na muda wote huo vilima vya Burundi viko mkono wa kushoto. Hii ni nchi ya Waha. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na katika lugha zote mbili Mwenyezi Mungu huitwa Imana. Mshairi hawezi kulipita jambo hili bila ya kusimama: kati ya Imana na imani pana irabu moja tu, na maneno haya hayana nasaba yoyote, moja la Kibantu na jingine la Kiarabu. Yamekutana njiani kama wasafiri.

Makanisa huko ni mengi na ya siku nyingi. Wakatoliki wana hospitali yao Kabanga, Wasabato wana ya kwao Heri, na Waanglikana waliifanya Kasulu kuwa makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ilipoundwa mwaka 1966. Tena magharibi hii ya Tanganyika iliguswa na ule Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda na Burundi. Watu wake waliitwa Walokole, kwa Kiganda waliookoka. Mlokole hakuridhika na cheti cha ubatizo. Alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi kwa jina lake: jembe aliloiba, mke wa jirani, usiku aliokwenda kwa mganga. Kisha alilirudisha jembe. Kurudisha huko ndiko kulikowashangaza majirani kuliko nyimbo zote, maana mwizi anayelirudisha jembe bila ya kukamatwa haonekani kila mwaka. Walisema pia kwamba mbele ya msalaba hakuna Mhutu wala Mtutsi wala Mzungu, na wapo walioyaishi maneno hayo mpaka kaburini.

Basi mstari wa Walokole ulikuwa huu: wa kweli ni yule aliyetubu hadharani na kubadilika, na wa uwongo ni yule aliyebatizwa tu. Ni mstari mzuri. Lakini nchi ileile ambamo Gahini imo, miaka sitini baadaye, ilikuwa na Wakristo karibu 9 katika kila watu 10, na mwaka 1994 watu waliuawa humo makanisani, mara nyingi kwa mikono ya watu waliobatizwa kwenye makanisa hayohayo.

Kesi moja iliyosikilizwa Arusha inatosha. Elizaphan Ntakirutimana alikuwa mchungaji mkuu wa Wasabato katika eneo la Mugonero, mkoa wa Kibuye. Kwa kila kipimo cha kawaida imani yake haikuchanganywa na maji: mtu mzima, mwenye cheo, mwenye kuheshimiwa, wa kanisa linaloshika Sabato na kuikataza pombe. Tarehe 15 Aprili wachungaji wa chini yake, waliokimbilia katika viwanja vya kanisa na hospitali pamoja na jamaa zao, walimwandikia barua wakimwomba awaombee kwa wakuu wa serikali. Hawakuokolewa. Mauaji ya Mugonero yalifanyika kesho yake, tarehe 16, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi, Sabato. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani mwaka 2003 kwa kusaidia mauaji ya kimbari na kumpa kifungo cha miaka 10. Rufaa ya mwaka 2004 ilifuta baadhi ya yaliyothibitishwa juu yake, lakini hatia na kifungo vilibaki. Alifariki mwaka 2007, muda mfupi baada ya kutoka gerezani.

Katika hukumu ile mna jambo moja lisilosahaulika. Mahakama ilieleza kwamba mchungaji huyo aliwafikisha washambulizi kwenye kanisa la Murambi, katika vilima vya Bisesero, na kuamuru paa lake liezuliwe, ili Watutsi waliokuwa wakijificha humo wakose mahali pa kujisitiri. Kanisa lililoezuliwa na mchungaji wake! Kanuni ya imani haikuguswa hata neno moja. Lililoondolewa ni paa tu.

Msomaji wa visiwani asifanye haraka ya kuufunga mlango huu na kusema kwamba hayo ni ya Wakristo. Ni kweli kwamba Waislamu wa Rwanda, wengi wao wasemaji wa Kiswahili wa Biryogo mjini Kigali, walisifiwa baada ya 1994 kwa kuwaficha majirani, na walioingia Uislamu kwa sababu hiyo hawakuwa wachache. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa lile gazeti la Kangura lililoeneza chuki, naye alikuwa Mwislamu. Kurani yenyewe imelitangulia suala hili. Katika Sura al-Hujurat mabedui waliodai kwamba wameamini wanaambiwa waseme kwamba wamesilimu tu, kwani imani bado haijaingia nyoyoni mwao. Na Sura al-Maun inapotaka kumtambulisha mtu anayeikadhibisha dini haimtaji mwenye shaka, bali humtaja anayemsukuma yatima.

Tukio la pili halikuhitaji vita. Kuanzia mwaka 2007 khabari za kuuawa kwa watu wenye ualbino zilienea Tanzania, khasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na Kigoma haikusalimika na hofu hiyo. Viungo vyao vilitafutwa na waganga, kwa madai kwamba dawa iliyochanganywa navyo huleta utajiri, iwe wa dhahabu, wa samaki au wa kura. Ripoti ya Shirikisho la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ya mwaka 2009 ilitaja bei ya dola 75,000 za Marekani kwa viungo vyote vya mtu mmoja. Mwezi wa Januari mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuzifuta leseni za waganga wa jadi. Huko Kasulu, skuli ya msingi ya Kabanga, iliyokuwa tayari inapokea watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine, ikawa hifadhi. Watoto wenye ualbino waliletwa kutoka vijijini, wengine na mama zao, wakaishi nyuma ya ukuta.

Ukuta ule una mengi ya kusema. Uliwalinda watoto na wauaji, hilo halina ubishi, na waliowapokea wanastahili kushukuriwa. Lakini pia uliwatenga na jamaa zao, na wako ambao jamaa hao hawakurudi tena kuwatazama. Na nje ya ukuta kulikuwa na nchi ya makanisa. Mnunuzi wa kiungo cha mtu, mwenye uwezo wa kulipa fedha za namna ile, si mtu wa pembezoni. Ni mtu wa kuheshimiwa mahali pake, aghalabu mwenye nafasi katika nyumba ya ibada, iwe kanisa au msikiti, na utajiri wake ukifika hutoa sadaka ya shukurani ambayo hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Wahubiri wengi waliozungumzia jambo hili waliliita kuchanganya imani: Mkristo ameongeza uganga juu ya Ukristo wake, kama muuza maziwa anayetia maji, na dawa yake ni kuyaondoa maji. Maelezo haya yana ukweli, lakini yanaliacha kosa kubwa nyuma. Bibi wa Kibondo anayemfunga mjukuu wake hirizi shingoni usiku wa homa naye amechanganya. Mlokole angemtaka aivue na atubu, na pengine angekuwa na haki. Lakini ni nani atakayemweka bibi huyo na mnunuzi wa mkono wa mtoto katika fungu moja, kwa sababu wote wawili wamekwenda kwa mganga? Wote wamechanganya, ila mmoja tu ndiye asiye na imani. Kiswahili kinaiona tafauti hiyo papo hapo. (Na watu wa pwani wanaopenda kutania kwamba Kigoma ni nchi ya waganga wasisahau kwamba bara nako husemwa hivyo hivyo juu ya Pemba.)

Ng'ambo ya mpaka, mkabala na Kibondo, iko Ruyigi ya Burundi. Huko nako watu wenye ualbino waliwindwa mwaka 2008, na viungo vyao vikavushwa kuja Tanzania. Mwendesha mashitaka wa mkoa, Nicodème Gahimbare, aliwachukua waliokuwa hatarini akawaweka katika makazi yake mwenyewe chini ya ulinzi, na mwezi wa Julai 2009 mahakama ya Ruyigi ikawahukumu wahusika, mmoja wao kifungo cha maisha. Muungwana huyo alisali wapi na mara ngapi kwa juma? Hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Kwa Kiswahili cha mtaani ana imani, na suala limekwisha.

Hapa mwanateolojia atainua mkono, na ni haki yake. Atasema: huruma ni njema, ila imani ni kitu kingine. Imani ina mlengwa wake, inamwelekea Mungu aliyesema na kutenda. Ukiigeuza imani kuwa wema tu, hujaisafisha, umeimaliza, na hapo aliyetia maji katika maziwa ni wewe. Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na halijibiwi kwa kucheza na maneno ya kamusi. Jibu lake, kama lipo, liko katika mambo mawili yaliyotokea Burundi miaka ileile ambayo wakimbizi walikuwa wakimiminika Kibondo na Kasulu.

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikawaka. Katika nyumba ya askofu mjini Ruyigi, mwalimu Mkatoliki aitwaye Marguerite Barankitse, Mtutsi, alikuwa amewaficha majirani wa Kihutu. Tarehe 24 Oktoba washambulizi wa Kitutsi walifika. Walimfunga, na watu 72 wakauawa mbele ya macho yake. Alipofunguliwa aliwakomboa watoto 25 kwa fedha, akawachukua awalee, na kutoka hapo likazaliwa shirika la Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, lililowalea maelfu ya watoto wa makabila yote. Mwaka 2015 ilimbidi yeye mwenyewe aihame nchi yake. Ni mwaka uleule ambao Warundi walirudi tena kumiminika Tanzania, Nyarugusu ikafurika, na kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya.

Miaka mitatu na nusu baada ya Ruyigi, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wapiganaji wa Kihutu waliingia katika seminari ndogo ya Buta, mkoa wa Bururi. Wanafunzi walikuwa wametoka katika mafungo ya kiroho siku chache tu kabla. Waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wahutu wangeweza kutoka wakiwa hai. Hawakujitenga. Walishikamana, wakafyatuliwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, na vijana 40 wakafa.

Huruma ya kawaida, ile inayomjia mtu anapomwona punda kazidiwa, haiwezi kuyabeba haya. Huruma ni pepo. Huvuma na hutulia. Kijana wa miaka kumi na saba aliyeamshwa kwa bunduki hajisikii huruma, hujisikia hofu, na hofu humwambia aende upande wa Wahutu. Kilichomzuia ni jambo alilolikubali kabla ya alfajiri ile: kwamba huyu aliye kando yake ni ndugu yake, na kwamba hilo ni kweli hata likimgharimu roho. Hilo ni fundisho. Ni imani kwa maana ya kwanza kabisa, ile ya mwanateolojia. Alikuwa nayo yeye, na mchungaji wa Murambi pia alikuwa nayo, maana walisoma Injili ileile.

Tafauti yao basi haiko katika kiasi cha mafundisho, wala katika usafi wake. Mchungaji aliliamini fundisho lote, ila alibakisha watu ambao halikuwahusu. Kwa hiyo neno kuchanganya halimfai. Imani yake haikutiwa kitu cha nje, ilipunguzwa ndani: iliwafunika wengine na kuwaacha wengine juani. Mnunuzi wa viungo naye ni vivyo hivyo. Kabla hajafika kwa mganga alikuwa amekwisha kuamua kwamba yuko mtoto mmoja ambaye si mtu. Safari ya kwa mganga ilikuja baadaye.

Ndipo inapoonekana kwamba zile maana mbili za Kiswahili hazikuwekwa chumba kimoja kwa bahati mbaya. Maana ya kwanza huipa ya pili nguvu ya kusimama pale hisia inapokimbia. Ya pili nayo huipima ya kwanza, huuliza imefika kwa nani na imeishia wapi. Gahimbare anabaki kuwa swali kwa mwanateolojia, na si lazima swali hilo lipate jibu.

Linabaki la kuhukumu. Injili ya Mathayo inasimulia juu ya shamba la ngano lililopandwa magugu usiku, na mwenye shamba akawakataza watumwa wake wasiyang'oe kabla ya mavuno, wasije wakang'oa na ngano. Mkristo makini atauliza kwa kutumia mfano huo: nani amempa mwanadamu ruhusa ya kusema fulani ana imani na fulani hana? Tahadhari hiyo ni ya haki, na wanaopita wakiwapanga wenzao peponi na motoni wangefanya vyema kuizingatia. Lakini watoto wa Kabanga hawakuweza kungoja mavuno. Na yule mpita njia aliyemwona mpiga punda hakusema kwamba mtu yule ataingia motoni. Hakuuzungumzia moyo wake wala mwisho wake. Aliuzungumzia mkono wenye fimbo, na kama ni mtu wa kweli aliukamata.

Kirundi hakina neno moja la mambo haya. Kusadiki ni ukwizera au ukwemera, huruma ni impuhwe, na hayakutani. Mrundi aliyefika Nduta karibuni, ambaye Kiswahili amekijulia kambini, akisikia inasemwa juu ya mtu fulani kwamba hana imani, atadhani kwamba mtu huyo ni mpagani. Itabidi aelezwe kwamba mtu huyo ni Mkristo, tena mzee wa kanisa, haikosi ibada, na kwamba lililosemwa juu yake ni kweli vilevile.